Ni Nani Mwenyeji Porini?

Abiria atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya huijua saa ile basi linapoingia Mikumi. Waliokuwa wamelala huamshwa na sauti za watoto: "Mama, tazama, twiga!" Vichwa vyote hugeukia upande mmoja, na kwa mwendo wa kilomita 50 hivi hakuna anayekumbuka kulalamikia nauli wala joto. Nyati wamesimama mbali chini ya miti, swala wanaruka, pengine tembo na mtoto wake wanangoja kuvuka barabara. Kisha pori huisha, watu hurudi usingizini, na safari huendelea. Hakuna aliyelipa hata senti moja kwa ajili ya mambo yale aliyoyaona.

Siku hiyohiyo, ndani ya hifadhi ileile, wamo watu waliovuka bahari na kutoa fedha nyingi ili wamtazame twiga yuleyule. Wa basi ametazama bure. Wa motokaa ya watalii ametazama kwa tikiti. Je, yuko mmoja wao mwenye deni? Na kama lipo deni, mdai ni nani? Swali hili tungependa kulitafakari leo pamoja na wasomaji wetu, kwa maana wanyama wa porini ni urithi unaotajwa sana katika hotuba, bali hufikiriwa kidogo nyumbani.

Wahenga walisema, macho hayana pazia. Mtu hawezi kushtakiwa kwa kuona kilicho mbele yake. Tena kutazama huonekana kuwa tendo lisilopunguza kitu. Mwindaji huondoka na nyama, mkata kuni huondoka na kuni, bali mtazamaji huondoka na picha tu. Kwa hiyo wengi hushika ya kuwa mtazamaji hana deni, au kwamba akiisha kulipa kiingilio langoni amemaliza yote yampasayo.

Nilipata kufuatana na kundi la wazazi na watoto wao kwenda Ngorongoro. Ukisimama ukingoni mwa bonde lile waona chini yako, kina cha mita 600 hivi, uwanda wenye eneo la kilomita za mraba 260, na makundi ya wanyama yakionekana kama punje za ulezi zilizomwagwa mkekani. Tuliteremka asubuhi. Ilipotimia saa nane mchana tulikuwa tumeona nyumbu, pundamilia, fisi, na ndege wa kila rangi, lakini simba hatukumwona. Baba mmoja akaanza kunung'unika. "Dereva, sisi tumelipa pesa zetu. Simba yuko wapi?" Dereva, mtu mzima mwenye mvi, akamjibu kwa upole, "Baba, pesa uliiacha langoni. Simba hakupokea kitu." Wote wakacheka, na baba yule akacheka pamoja nao, lakini jibu lile limekaa moyoni mwangu hata leo.

Tuliangalie kidogo neno lenyewe, safari. Ni neno letu, na mataifa wamelichukua. Kwetu safari ni mwendo wowote: kwenda kumwona mgonjwa, kwenda arusini, kwenda kazini mbali. Huko Ulaya na Marekani neno hilo limebaki hasa na maana moja: kwenda Afrika kuwinda wanyama, kama ilivyokuwa zamani, au kuwatazama, kama ilivyo zaidi siku hizi. Na lilipopunguziwa maana, lilipungukiwa na jambo jingine kubwa. Safari ya kwetu ina mwenyeji mwisho wake. Msafiri hupiga hodi, hungoja kukaribishwa, hukaa pale anapoonyeshwa, wala hakosi kitu mkononi, maana mkono mtupu haulambwi. Safari ya kutazama wanyama haina hodi. Lango lipo, walakini aliye langoni ni karani wa tikiti, si mwenyeji. Basi mwenyeji ni nani?

Mwenyeji wa kwanza ni mnyama mwenyewe. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka nchi ya Serengeti na Maasai Mara wakifuata mvua na majani mabichi. Katika miezi ya kwanza ya mwaka huzaa katika nyanda za kusini. Katikati ya mwaka huelekea kaskazini na kuvuka mto Mara, ambamo mamba wanawangoja. Hawakuuanza mwendo huo kwa ajili yetu, wala hawatauchelewesha kwa kuwa motokaa ya mgeni imepata pancha. Asomaye Kitabu cha Ayubu atakumbuka jinsi mtu yule mwenye mateso anavyoonyeshwa wanyama wasiofugwa na mtu wala kumtumikia mtu, ili ajue kwamba si kila kiumbe kimewekwa duniani kwa faida yake. Hilo ndilo fundisho ambalo dereva wetu alilitoa kwa maneno machache.

Tena si kweli kwamba kutazama hakupunguzi kitu. Duma huwinda mchana, apate kuepukana na simba na fisi wawindao zaidi usiku. Motokaa kumi zikimzunguka kwa ngurumo na vumbi, swala hushtuka na kukimbia, na watoto wa duma hulala njaa. Wataalamu waliowachunguza duma wa Maasai Mara walieleza mwaka 2018 kwamba duma jike walioishi penye watalii wengi walifaulu kulea watoto wachache sana kuliko wale walioishi penye watalii wachache. Hakuna aliyewapiga risasi. Walitazamwa tu, kupita kiasi.

Mwenyeji wa pili ni jirani wa pori, na huyu husahauliwa upesi kuliko mnyama. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na leo ina kilomita za mraba 14,763. Ndani yake walikuwamo wafugaji wa Kimaasai. Mwaka 1959 waliondolewa, na Ngorongoro ikatengwa na Serengeti iwe mahali ambapo watu, mifugo na wanyama wa porini wataishi pamoja. Mwaka huohuo dunia ilionyeshwa nchi hiyo kwa filamu ya Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani, aliyewahesabu wanyama wake kwa ndege pamoja na mwanawe Michael. Mwana huyo alikufa ndege ilipoanguka, Januari 1959, naye amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Hatuwezi kudharau mapenzi yaliyolipwa kwa gharama hiyo. Hata hivyo Profesa huyo alishika kwamba hifadhi haifai kukaliwa na watu, hata wakiwa wenyeji. Jicho lililoona vema kutoka juu liliwahesabu nyumbu na pundamilia. Mzee aliyekaa chini ya mti wake na ng'ombe zake lilimwona kama doa katika picha.

Jambo hilo halikuisha mwaka 1959. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, katika wilaya ya Handeni. Serikali imesema wahamaji wanakwenda kwa hiari yao, na ya kuwa watu na mifugo wameongezeka kupita nguvu za nchi ile. Wako wenyeji waliosema kwamba hiari ile ni jina tu. Ukurasa huu si mahakama, wala hatuwezi kukata shauri hilo kwa kalamu. Lakini swali moja halikwepeki: ikiwa mtu ataombwa kuacha makaburi ya wazee wake ili mgeni apate kutazama, je, yule mgeni ana haki ya kuondoka akidhani hadaiwi?

Wala si wafugaji pekee. Mkulima ambaye shamba lake limepakana na hifadhi hukesha dunguni akipiga debe, mahindi yanapokaribia kukomaa. Kundi la tembo likiingia usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha. Wengine wamejifunza kutundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki. Wengine hupaka kamba mafuta yaliyochanganywa na pilipili. Sheria ya Tanzania nayo imeweka, kwa kanuni za mwaka 2011, malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama. Majina haya yana unyofu wake. Hayasemi kwamba hasara imelipwa. Yasema tu kwamba jasho limeonekana na machozi yameonekana. Lakini kitambaa kikiletwa baada ya muda mrefu, machozi yamekwisha kukauka yenyewe, na mahali pake pamekaa uchungu.

Hapo mtu ataniuliza: basi, je, tuyafungue mapori, kila mtu akate na kulima apendavyo? Hasha. Tunajua yaliyotokea pale ulinzi ulipolegea. Hesabu ya tembo wa Tanzania ya mwaka 2009 ilikuwa zaidi ya 100,000. Ile ya mwaka 2014 ilikuwa 43,000 na kitu. Kwa miaka mitano tu zaidi ya nusu walitoweka, na wengi wao walianguka kwa ajili ya pembe, zikachongwe mapambo katika nchi ambako hakuna aliyewahi kuwaona. Faru wa bonde la Ngorongoro walikuwa zaidi ya 100 katika miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1990 hawakuzidi 20. Askari wa wanyamapori wamekufa wakiwalinda waliosalia. Aliyeuawa na tamaa hafufuliwi na majuto, na mtoto atakayezaliwa kesho anayo haki ya kukuta tembo hai.

Kwa hiyo hatusemi hifadhi ni dhuluma, wala hatusemi utalii ni dhambi. Fedha ya mgeni huwalipa askari, hujenga barabara, na huingia katika hazina ya nchi. Twasema jambo lililo dogo zaidi na gumu zaidi: kwamba tikiti si deni lote. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitoa tamko huko Arusha ambamo wanyama wa porini na makao yao yalihesabiwa kuwa amana, inayopaswa kutunzwa hata wajukuu waifaidi. Amana ni neno zito. Mwenye kuwekewa amana haiuzi, wala haifanyi yake. Tena hawezi kuilinda kwa kumnyima jirani chakula, akaita hilo uaminifu.

Mgeni mwema ajue basi yampasayo. Kwa mnyama anadaiwa staha: akae mbali, anyamaze, asimshurutishe dereva kuiacha njia, tena akubali kurudi bila kumwona simba. Aliyekwenda kumtembelea mtu asimkute, harudishiwi nauli. Kwa jirani wa pori anadaiwa haki. Anunue asali na shanga kwa bei isiyomtia mwuzaji aibu. Aulize majina ya watu wa kijiji, kama anavyouliza majina ya ndege. Nao wenye kutawala fedha za malango wakumbuke kwamba aishiye karibu na moto ndiye aunguaye kwanza, naye astahili kuota kwanza. Asihamishwe mtu kabla ya kusikilizwa, na akisikilizwa, jibu lake lihesabiwe hata likiwa la kukataa.

Sisi raia tunalo deni letu pia. Simba yuko katika noti ya shilingi 2,000, faru katika ile ya 5,000, na tembo katika ile ya 10,000. Wako wazee wengi katika nchi yetu waliowashika wanyama hao mfukoni maisha yao yote, wasiwaone hata mara moja kwa macho. Mtoto aliyemjua tembo kwa njia ya noti tu, tutamshangaaje akikua na kudhani kwamba tembo ni fedha? Na lugha yetu yenyewe huweka nyama ndani ya mnyama, kana kwamba hatukumwazia jambo jingine. Wazazi wenye uwezo wawapeleke watoto. Shule ziwapeleke wanafunzi, hata kama ni mara moja katika miaka yote ya masomo. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, na sherehe nyingi tunazozichangia ni ghali kuliko safari hiyo. Mtu hatunzi amana ambayo hakuonyeshwa kamwe.

Na yule abiria wa Mikumi, aliyetazama bure? Deni lake ni jepesi, lakini lipo. Barabara ile imewaua wanyama wengi, kwa sababu ya madereva wenye haraka na abiria waliowahimiza. Basi likiingia porini na dereva akazidisha mwendo, abiria mmoja aseme kwa heshima, "Dereva, tafadhali, punguza." Nyani akisimama kando ya njia, asitupiwe ganda wala mkate, maana mazoea hayo ndiyo yamletayo chini ya magurudumu. Mfuko wa plastiki ubaki ndani ya basi. Na mtoto akiuliza, "Mama, twiga hawa ni wa nani?", asijibiwe kwa haraka kwamba ni wa Serikali au wa wazungu. Mama amwambie ya kuwa hapa tunapita nyumbani kwa wenyewe, na upande wa pili wa kilima wako watu wanaokesha usiku ili shamba lao lisiliwe. Mtoto huyo akielewa hivyo, ataijua hodi hata mahali pasipo mlango.