Kijitabu Ndani ya Sanduku

Binti mmoja wa Luanda Kotieno, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, alizaa akiwa kidato cha pili. Nyanya yake, ambaye kijiji kizima humwita Dani, hakumgombeza. Alimwambia, "Rudi shule, mjukuu wangu. Mtoto niachie mimi."

Tangu 1994 sera ya serikali humruhusu msichana aliyejifungua kurejea darasani, lakini sera haibebi mtoto mgongoni. Bila Dani, binti huyo angekuwa ufuoni akianika omena na kuwabembeleza wavuvi wanaodai mwili wa mwanamke kwanza ndipo wamuuzie samaki. Desturi hiyo, iitwayo jaboya, imewameza wengi pale.

Kulea, Dani alilea vizuri. Ila alilea peke yake. Yeye ndiye aliyeamua uji uanze lini na dawa gani inunuliwe. Kijitabu cha kliniki alikifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Kila binti aliposhika beseni amwogeshe mtoto, alinyang'anywa: "Utamtia baridi!" Mwishowe akaacha kujaribu, na tusimhurumie kupita kiasi: kulala usiku kucha ni raha. Mtoto akamwita Dani "Mama", na mama yake akamwita kwa jina.

Mtoto alikuwa amepita miaka miwili Dani alipovuka kwa feri kwenda matangani Mbita. Usiku huo homa ikampanda mtoto. Simu ya Dani haikupatikana. Dawa zilikuwepo, ila binti hakujua ipi ni ya mtoto. Bodaboda ingemfikisha hospitali, lakini aliogopa kuulizwa kwa nini ametoka na mtoto bila ruhusa. Akaamua kungoja feri ya kesho. Alfajiri degedege ikaanza, majirani wakawapakia kwenye pikipiki hadi hospitali.

Malaria ilikuwa imekula damu, ikabidi aongezwe. Daktari aliuliza kuhusu chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa ukanda wa ziwa mwaka 2019. Binti hakujua lolote. Sanduku lilipofunguliwa, dozi tatu zilionekana kijitabuni. Ya nne, ya miezi 24, haikuwepo. Tarehe ya kurudi iliandikwa wazi kwa kalamu. Dani hajui kusoma, na aliyejua hakuwahi kuonyeshwa.

Mtoto alipona. Siku hizi kijitabu kinaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, na likizoni binti ndiye anayempeleka mtoto kliniki. Dani huandamana nao, huketi benchi la nje, na bado hupaza sauti dirishani akimwelekeza nesi pa kudunga sindano.