Mcheza kwao hutunzwa lini?



Wengi wetu hapa hatukumwona Joe Kadenge akicheza. Alizaliwa mwaka 1935, akatamba katika miaka ya 1960, na sisi tulipoanza kufukuza mpira wa makaratasi na kamba yeye alikuwa amekwisha kuvua njumu. Lakini kila mtoto aliyeupata mpira ule akaung'ang'ania, akapiga chenga hadi wenzake wakamkasirikia, alipigiwa kelele: "Kadenge na mpira!" Tulikuwa tunarudia maneno ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio, ambaye hakuhitaji kusema zaidi ya hayo. Msikilizaji wa Kisumu au wa Lamu aliimalizia picha mwenyewe. Kwa hiyo tunayemkumbuka ni jina katika kinywa cha mtu mwingine. Hata hivyo, tukikutana huku Texas, nyama ikiwa jikoni, jina hilo likitajwa watu wenye mvi hurudi kuwa watoto.

Swali linalotusumbua ni hili: mtu aliyetupa kitu cha namna hiyo anatudai nini?

Habari zake ni fupi kuzieleza. Alikuwa Mmaragoli, wa magharibi mwa Kenya. Alichezea Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu ambayo mwaka 1980 ilibadili jina ikawa AFC Leopards. Aliichezea timu ya taifa, na mwaka 2002 akawa kocha wake. Mpira wa Kenya wa enzi zake ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alikuwa na kazi nyingine ya kumlisha, na jioni alikwenda mazoezini. Kiingilio cha mlangoni hakikugeuka kuwa pensheni ya mtu. Miaka mingi baada ya kuacha kucheza, Kadenge alikuwa akiendesha teksi jijini Nairobi. Baadaye akapatwa na kiharusi, gharama za matibabu zikawa habari ya magazeti, na viongozi wakubwa, Rais Uhuru Kenyatta akiwa mmoja wao, wakafika kumjulia hali. Alifariki tarehe 7 Julai 2019. Rambirambi hazikuwa na idadi.

Tuanze na teksi, maana hapo ndipo tulipojikwaa. Habari hiyo ilipotufikia tulisema ni aibu kwa taifa. Tulisema kwa sauti kubwa, kama kawaida yetu tulio mbali. Lakini hebu tukumbushane. Ni wangapi kati yetu waliowahi kukesha kwenye foleni ya teksi katika uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth, shahada ikiwa kwenye bahasha chini ya kitanda? Tulipoulizwa na watu wa nyumbani tulijibu kwamba kazi ni kazi, na watoto wetu tukawafundisha hivyo hivyo. Iweje usukani ule ule uwe heshima mikononi mwetu na aibu mikononi mwa Kadenge? Ama tulidanganya wakati ule, ama tulidanganya tulipomlilia yeye.

Tukisema kweli, teksi haikuwa na ubaya wowote. Kilichotuuma ni kwamba abiria angeweza kulipa nauli, akashuka, asimjue dereva. Tulitaka abaki pale pale tulipomwacha, uwanjani, miguu ikiwa myepesi. Kuzeeka kwake kulitusuta. Yale ya hospitali ndiyo yaliyostahili kutukasirisha, yaani mzee wa rika lile kuugua na matibabu yake kungoja huruma ya mgeni atakayebisha hodi. Hayo tuliyapitia haraka, kwa sababu hayana picha nzuri.

Rafiki yetu mmoja, mhasibu, hakubaliani nasi hata kidogo. Anasema Kadenge alicheza kwa kupenda, makofi yake aliyapata, na mwenye tiketi alilipa mlangoni. Hakuna mkataba, kwa hiyo hakuna deni. Mwenye kutaka kutoa atoe, lakini asiite wajibu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ukianza kumdai kila aliyefurahi, utaishia wapi? Hata hivyo sisi tulioishi kwa kazi za uhandisi tunalitazama jambo hili kwa namna nyingine. Daraja hatulikarabati kwa kumshukuru aliyelijenga. Tunalikarabati kwa sababu bado tunapita juu yake. Na juu ya jina la Kadenge tunapita mpaka leo: kwa jina hilo Mluhya na Mswahili wa Mombasa, waliokutana Texas ukubwani, hutambuana katika dakika moja. (Mtu si daraja, tunajua. Daraja halioni haya kuomba.)

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeitumia sana bila kuitazama. Aliyewahi kuhudhuria ngoma anajua mchezaji hutunzwa wakati gani: akiwa bado anacheza, jasho likimtiririka, noti hubandikwa kwenye paji la uso wake mbele ya watu wote. Hakuna anayengoja aanguke kwanza. Tena neno kutunza lina maana nyingine, ya kumwangalia mtu na kumhifadhi, na utunzaji huo hauishi ngoma ikiisha. Sisi tuliziruka zote mbili. Ngoma ilipokuwa uwanjani hatukubandika kitu. Tulikuja na bahasha mchezaji akiwa kitandani, na mpiga picha tumemleta.

Tusidhani kwamba fedha nyingi zingetuokoa. Hapa mjini kwetu upo uwanja wa Dallas Cowboys, uliofunguliwa mwaka 2009, wenye nafasi ya watu wapatao 80,000, ule uliopangiwa mechi 9 za Kombe la Dunia la 2026. Ndani yake majina ya wachezaji wa zamani yameandikwa kuzunguka uwanja, desturi ambayo klabu iliianza mwaka 1975 kwa jina la Bob Lilly. Tunapendezwa nayo. Lakini katika ligi hiyo hiyo yenye utajiri wa kutisha, wachezaji waliostaafu kabla ya 1993 waliishi na pensheni ndogo hadi mkataba wa mwaka 2011 ulipotenga dola milioni 620 za kuwaongezea, na walioumia ubongo iliwabidi waende mahakamani. Jina ukutani halilipi daktari. Walichokuwa nacho wao ni chama na karatasi ya kudai nayo. Kenya nayo ilitunga Sheria ya Mashujaa mwaka 2014, miaka mitano kabla Kadenge hajafariki.

Mbotela, aliyetuacha Februari 2025, alikuwa na kipindi kingine redioni tangu 1966, Je, Huu ni Ungwana? Humo hakuwashambulia wakubwa. Aliuliza mambo madogo madogo ya mtu na jirani yake, na msikilizaji akajikuta anajitazama.

Basi tujitazame. Tunaye mzee wetu hapa ambaye kwa miaka mingi amechora mistari ya chokaa kila Jumamosi, amepuliza filimbi, na jezi za vijana wetu anazifulia gerejini kwake. Alikuja huku akiwa mtu mzima, hakutimiza miaka 10 ya makato, kwa hiyo bima ya wazee ya serikali hawezi kuipata bila kulipia fedha ambazo hana. Magoti yamechoka na presha inapanda. Sisi ni hodari wa michango: mtu akifariki, siku tatu haziishi tumepata fedha za kulisafirisha jeneza hadi Nairobi au Dar es Salaam. Katika kikao cha mwisho mmoja wetu alipendekeza tuchange kila mwezi kwa ajili ya bima ya mzee. Katibu akauliza kama familia imeomba. Hakuna aliyejibu. Jambo likaandikwa la kikao kijacho, tukaingia kwenye ajenda ya mandari ya Julai. Mzee mwenyewe alikuwa nje wakati huo, anapakia viti vyetu kwenye gari lake.