Adabu ya Mgonjwa

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, mtu akiulizwa hali hujibu kuwa hajambo, hata kama maumivu yalimnyima usingizi usiku kucha. Jibu hilo ni adabu njema barazani. Lakini mgonjwa akilichukua mpaka hospitalini, akampa daktari, adabu hugeuka hatari. Basi yafaa tujiulize: je, kunyamaza mbele ya daktari ni heshima?

Wako wasemao kuwa ni heshima. Hoja yao ni kwamba daktari amesoma, na asiyejua yampasa kumfuata ajuaye. Hoja hii ni nusu ya kweli. Elimu ya maradhi ni ya daktari, lakini mwili ni wa mgonjwa, na yako mambo ya mwili ayajuayo mwenyewe tu. Mathalani, mtu aliyewahi kuvimba uso baada ya sindano ya penisilini hana budi kusema kabla hajachomwa nyingine. Akinyamaza kwa haya, elimu ya daktari haitamfaa. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humfichua.

Tazama pia mambo ya kila siku. Mnunuzi wa samaki humgeuza, humfunua mashavu na kuuliza bei, wala mchuuzi haoni kuwa ametukanwa. Ni ajabu mtu huyohuyo atie dole gumba kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa bila kuuliza atapasuliwa wapi na kwa sababu gani.

Sheria ya Kenya haimhesabu aulizaye kuwa mfidhuli. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kiwezekanacho, tena yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za kumtibu, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa, kwa lugha aifahamuyo inapowezekana. Lakini sheria haina ulimi. Yahitaji kinywa cha mwenye haki.

Haki hiyo ina wajibu wake. Mgonjwa na aseme kweli, hata ile ya aibu, kwamba aliacha dawa au alikunywa za mganga. Asimtukane muuguzi aliyechoka, wala asidharau zamu za wenzake. Kusema, "Daktari, niwie radhi, sikufahamu, dawa hii ni ya nini?" hakumvunjii mtu heshima. Daktari akikasirika kwa swali kama hilo, kosa si la muulizaji.

Nawe kijana uliyejaliwa kusoma, siku utakapomsindikiza bibi yako hospitalini, usimsemee kabla hajasema. Mkumbushe alilosahau, mwulizie alilolionea haya, na msomee karatasi kabla hajatia dole. Huo nao ni utumishi wa elimu.