Je, Ni Halali Kuonyesha Taabu ya Mtoto katika Sinema?

Katika nchi ya Brazili, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitokea sinema iitwayo Pixote. Mwenye kuitengeneza alikuwa Héctor Babenco. Yasimulia habari za mtoto wa barabarani: alitiwa katika nyumba ya serikali ya watoto wakosefu, akaona humo ukatili mwingi, akatoroka, akawa mwizi na mwuaji. Kwa sehemu za watoto Babenco hakutaka wachezaji waliozoea kazi hiyo, bali alitafuta watoto maskini wenyewe. Aliyepewa kazi ya Pixote ni Fernando Ramos da Silva, mtoto wa miaka 12 hivi, wa mtaa wa maskini karibu na São Paulo. Mwanzoni mwa sinema Babenco asimama mbele ya mtaa kama huo akieleza taabu ya watoto wa nchi. Tena Fernando aonyeshwa nyumbani kwao, pamoja na mama yake.

Sinema hiyo ilisifiwa katika nchi nyingi. Wengine walichukizwa nayo, kwa kuwa watoto walitiwa katika mambo ya aibu yasiyofaa kutajwa hapa. Na Fernando je? Alipata kazi katika televisheni, lakini haikudumu, maana hakujua kusoma vema maneno aliyopaswa kuyashika. Akarudi katika umaskini, akakamatwa kwa wizi. Tarehe 25 Agosti 1987 askari polisi walimwua kwa risasi, naye alikuwa na miaka 19. Polisi walisema aliwapinga kwa silaha. Jamaa zake walikana.

Watu husema kwamba Babenco alitaka wakubwa waone yaliyofichwa. Ni kweli, na nia hiyo isidharauliwe. Kanisa nalo halikatazi kila sinema yenye kuonyesha ubaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikubali kwamba habari za ubaya zaweza kumsaidia mtu ajifahamu zaidi, mradi sheria ya maadili ifuatwe. Lakini swali la hapa ni jingine. Mtazamaji akiguswa moyo, akatoa na sadaka, mema hayo yamfikiaje mtoto aliyeonyeshwa?

Daudi alipomtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe, nabii Natani alitumwa kumfunulia dhambi yake. Akasimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira. Ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Natani hakumsimamisha mjane wa Uria barazani alie tena mbele ya watu. Mwana-kondoo wa hadithi alitosha kuuvunja moyo wa mfalme.

Mtu atajibu: mtoto alikubali, mama alikubali, nao walilipwa. Lakini mwenye njaa akiuza shamba lake kwa bei ndogo, wazee wa kijiji hawamsifu mnunuzi, hata kama kidole kilitiwa wino. Tena mtoto wa miaka 12 ajuaje jinsi picha yake itakavyomfuata? Fernando alijulikana kwa jina la Pixote mpaka kufa kwake. Hata leo, anayempiga picha mgonjwa wa akili sokoni kwa simu yake, akidai kwamba anataka watu wamhurumie, yampasa kujiuliza hayo hayo.

Huko Uhindi, mwaka 1988, Mira Nair alitoa sinema Salaam Bombay! iliyochezwa na watoto wa barabarani. Yeye aliwafundisha kwanza, na baada ya sinema kikaanzishwa chama cha kuwasaidia watoto wa namna hiyo, Salaam Baalak Trust, ambacho kingali kikifanya kazi. Alifanya vema kuliko wengi. Hata hivyo mvulana wa kwanza wa sinema hiyo, aliyepewa tuzo na serikali, baadaye aliendesha teksi ya magurudumu matatu mjini Bangalore. Kazi hiyo si aibu hata kidogo. Ila yaonyesha kwamba sifa za siku chache hazimlishi mtu.

Basi, aliyetumia taabu ya mtoto ana deni kwake, wala deni hilo haliishi siku mshahara ulipotolewa. Fernando alikosa kazi kwa sababu ya kusoma. Mwalimu mmoja, kwa miaka miwili, pengine angalimfaa kuliko sifa za magazeti yote.