Mzee Akae Wapi?

Liko swali ambalo siku hizi lasikika katika nyumba nyingi, wala halina jibu la haraka. Baba au mama amezeeka, nguvu zimemwishia, na watoto wametawanyika. Je, akae wapi, na nani amtunze? Wengine hudhani ni swali la vyumba na fedha tu. Sisi twaona kwamba ni swali la heshima, na kwa hiyo yatupasa kulipima polepole.

Na tutwae mfano wa Njinjo, wilayani Kilwa, ukiiacha njia kuu pale Nangurukuru na kuishika njia ya Liwale. Watu wa huko ni wakulima. Mazao yakikaribia kukomaa, wenye nguvu huhamia shambani na kulala kwenye dungu, wapate kuwafukuza nguruwe na nyani. Vijana wengine wamekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Tuseme, basi, yuko mama mmoja mjane aliyebaki peke yake katika nyumba ya miti na udongo. Macho yake hayaoni vema, na kisima ki mbali. Mwanawe aliye mjini amwambia, “Mama, njoo ukae kwangu.” Naye ajibu, “Mwanangu, hapa ndipo penye kaburi la baba yako na mikorosho yangu. Sitoki.” Mwana huyo afanyeje?

Wako wasemao: Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, na kumheshimu mama ni kumtii, basi akae alipo. Wengine hujibu: Kumheshimu ni kumtunza, basi achukuliwe, ingawa analia. Kila upande una haki yake, na kila upande una hatari yake. Mwenye kumwacha kwa jina la utii huenda akafurahi moyoni kwamba amepunguziwa mzigo. Mwenye kumchukua kwa jina la upendo huenda akamfanya kama mtoto mchanga, akamweka katika chumba huko Mbagala, asipo na ua wa kufagia, wala jirani wa kumwamkia, wala mtu amkumbukaye marehemu mumewe. Chakula apata, na godoro apata, lakini amekuwa mgeni tangu asubuhi hata jioni.

Hata hivyo kuna saa ambapo mzee hawezi kuachiwa neno la mwisho. Mwezi wa Januari 2020 mafuriko makubwa yaliupiga mkoa wa Lindi. Watu walikufa, na wengi walizikimbia nyumba zao, na Njinjo ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Mzee asiyeweza kutembea hawezi kushindana na maji usiku. Saa hiyo humwulizi kama apenda kuondoka, wambeba. Vivyo hivyo yule ambaye akili zimempotea, auwashaye moto na kuusahau. Lakini na tuangalie: hatari yatupa ruhusa ya kumbeba, haitupi ruhusa ya kumtawala siku zake zote. Maji yakiisha kupungua, yatupasa kumwuliza tena.

Iko njia nyingine itumikayo sana, nayo ni kumpeleka mjukuu akae na bibi yake. Ni desturi njema, kwa maana mzee hupata mkono wa kumtekea maji, na mtoto hupata hekima. Lakini mara nyingi mzigo huu humwangukia binti mmoja tu, akaacha shule, na wajomba zake wakajisifu kwamba mama yao anatunzwa. Heshima inayolipwa kwa maisha ya mtoto mwingine si heshima.

Serikali nayo inayo makazi ya wazee, kama Nunge huko Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, na Kolandoto mkoani Shinyanga. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyaweka makazi hayo kuwa njia ya mwisho, kwa wale wasio na watu wa kuwatunza. Msingi ni jamaa. Tusiwadharau wakaao humo, wala wale wanaowaosha na kuwalisha. Ila na tujiulize: Ni nani asiye na mtu, mahali penye kanisa, na msikiti, na majirani?

Tena kule Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alianza kupewa na serikali shilingi 20,000 kila mwezi, na baadaye zikaongezwa. Ni jambo la haki, maana mzee mwenye chake huweza kubaki nyumbani mwake bila kuomba chumvi. Lakini fedha haiteki maji, wala haimgeuzi mgonjwa kitandani. Bwana wetu aliwakemea watu waliotoa mali kwa Mungu ili wapate kuwanyima wazazi wao. Nasi tunaopeleka fedha kwa simu ili tusiulizwe habari ya kwenda wenyewe, na tusidhani kwamba neno hilo halituhusu.

Basi twasema nini? Twasema kwamba heshima huanza kwa kuuliza, nayo huendelea kwa kutimiza. Watoto wote na wakae na mama yao angali na akili timamu, wapatane waziwazi: nani atateka maji, nani ataleta fedha, nani atamchukua mvua ikizidi. Pengine mama wa mfano wetu atakubali kukaa nyumbani mwake wakati wa kiangazi, na mvua zikianza ahamie kwa mtoto wa dada yake aliye juu mlimani. Si Mbagala, wala si upweke. Naye amechagua mwenyewe.

Ninyi waalimu wa mitaa mwajua ni mlango upi haujafunguliwa tangu juzi. Watu wakienda shambani, huo na ubishwe kwanza, na mwenyewe aulizwe ahitaji nini, kabla hatujamwamulia. Nasi tukijaliwa umri tutafika huko, na watoto wetu wanatutazama sasa.