Mzigo wa Kipa
Nilipoacha chuo nikarudi Kibugu, vijana wa hapa walinipa glavu, kipa wao alikuwa ameenda Nairobi kutafuta kazi. Mechi ya kwanza nilifungwa manne. Tukirudi kupitia mashamba ya chai, hakuna aliyemtaja beki hata mmoja.

Hapo nikaanza kumfikiria James Siang'a. Alidakia Gor Mahia na Harambee Stars, akawemo kikosini Kenya ilipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972. Baadaye akawa kocha. Mwaka 2003 Simba yake iliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi, kwa penalti, kule kwao Misri. Langoni alikuwa Juma Kaseja. Siang'a alikuwa pembeni, mikono mitupu.

Sasa, mtu aliyebeba lawama za wenzake miaka yote, ana haki gani ya kumtwika kijana mzigo uleule? Ati kwa sababu yeye aliuzoea? Mimi naona haki anayo, mradi goli likiingia akumbuke vile lilivyouma.

Rahisi kusema, bana. Siku hizi namfundisha dogo mmoja kudaka. Jumapili alifungwa, akanigeukia. Nikajisikia nikipaza sauti: "Si ungetoka mapema!"