TAFAKURI YA RAMADHANI – SIKU YA 14: GONGA MLANGO WA JIRANI



Saa kumi alfajiri mama kaamka kupasha daku. Anafika jikoni, harufu ya gesi imejaa. Watoto wamelala chumba cha pili. Wewe baba wa nyumba unafanyaje?

Kwanza, fanya lililo mkononi mwako. Usiwashe kiberiti, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Funga mtungi kama unafikika kwa usalama, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, kwa hiyo usidanganyike harufu ikipungua puani. Simu piga ukiwa nje.

Hiyo ndiyo sehemu yako. Kufungua reguleta na kuanza kuichokonoa kwa bisibisi si sehemu yako, labda uwe fundi.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe, kama alivyosimulia mama yetu Aisha (r.a.). Basi kazi ya nyumbani haimshushi mwanamme hadhi. Lakini Mtume huyohuyo ametufundisha kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, akidhuru, dhamana ni juu yake. Wanazuoni wameichukua kama kanuni kwa kila fani. Umeme, gesi, paa, dawa ya mtoto: usichokijua ukakivamia, madhara yake utaulizwa wewe.

Tatizo letu kubwa ni haya. "Nimgongee jirani saa hizi? Atanionaje?" Ndugu yangu, Dhul-Qarnayn alikuwa mfalme aliyepewa nguvu na njia za kila jambo. Alipoombwa kujenga kizuizi dhidi ya Yaajuj na Maajuj, aliwaambia watu wamsaidie kwa nguvu zao, wamletee vipande vya chuma. Mfalme kaomba msaada, wewe wa nyumba ya vyumba viwili unaona aibu?

Na wewe unayegongewa mlango, kumbuka Suratul Maa'un. Imewakemea wanaowanyima watu msaada mdogo, na wafasiri wengi wamesema ni vile vitu vya kuazimana majumbani: ndoo, chungu, shoka. Jirani akikuitia gesi alfajiri, usimjibu kwa kununa. Toka na kanzu yako ya kulalia, msaidie kutoa watoto.

Leo kabla ya futari, fanya kazi hii moja. Andika kwenye karatasi namba ya fundi unayemwamini, ya jirani wa karibu, na ya zimamoto (hapa Tanzania ni 114). Ibandike sebuleni karibu na mlango, kila mtu aione, mpaka dada wa kazi. Kisha likitokea jambo, jiulize maswali matatu: Kazi hii naijua? Nikikosea ataumia nani? Nikisubiri litazidi? Majibu yakikutia shaka, omba msaada mapema. Tawakkul ni kumfunga ngamia kwanza, na kamba kama huna, kaazime.

Ewe Mola wetu, zilinde nyumba zetu na watu wake, tupe unyenyekevu wa kuomba msaada na moyo mwepesi wa kuutoa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Saumu njema, na mfikishie mwenzako.